Kuuliza Saa kwa Kireno

Siku ile friji ya Bi Muanassa ilikuwa imelazwa kwa ubavu barazani, mgongo wazi, na mimi nimepiga magoti nyuma yake nalehemu bomba la shaba. Asubuhi ilikuwa bado changa. Bi Muanassa mwenyewe alikaa juu ya kigoda akichagua mchele kwenye ungo, na kila alipotupa kijiwe nje alitutupia na swali.

"Que horas são?"

Hilo ni swali la saa ngapi. Tulitakiwa kulirudia, si kulijibu.

"Ke oras sau," nikasema.

"São," akanisahihisha, akiitoa sauti puani. "Kama mtu mwenye mafua."

Haji, aliyekuwa ameshika mtungi wa gesi pembeni yangu, akacheka. "Na jibu lake je, Bi Muanassa? Mtu kuuliza tu bila ya kujua kujibu ndiyo elimu gani?"

"Wewe kazi yako kuuliza. Kujibu kuna wenyewe."

"Haya, basi tuambie hilo moja. Saa hizi ni saa ngapi?"

Bi Muanassa akalitazama jua. "São sete. Saba."

"Saba!" Haji akanigeukia. "Mbarouk, umesikia? Saa moja ya asubuhi, bibi anaita saa saba. Watu wa saa hizi Ramadhani hufuturu lini?"

Bi Muanassa alicheka mpaka mchele ukamwagika. Nakumbuka hivyo, mwanamke mzima anachekea ungo wake, na harufu ya shaba ya moto, na kuku wanakuja mbio kuokota mchele. Nikitafuta siku ya mwisho iliyokuwa siku tu, naipata hiyo.

Ulikuwa mji mdogo wa pwani upande wa Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma. Wenyeji wengi ni Wamwani. Kimwani chao mtu wa Unguja mjini hukisikia kama anavyomsikia Mmakunduchi, nusu kwa masikio na nusu kwa kukisia. Kwa hiyo kwa miezi yote tuliyokaa pale hatukuwa na haja ya Kireno. Tulitengeneza mafriji na mashine za barafu za matajiri wa samaki, tukala wali kwa papa, tukaswali msikiti mmoja nao, tukajiona tuko nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Mpendae. Nilipomaliza kidato cha nne nilifundishwa ufundi wa mafriji na mzee mmoja pale Mkunazini, na tangu nilipoweza kuubeba mkoba wa vifaa peke yangu sijakaa mahali. Nimekaa Tanga, Mombasa, Ngazija, Mtwara. Nikifika pahali najisikia vizuri mpaka pale ninapomjua muuza mkate kwa jina, kisha miguu inaanza kuwasha. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na upepo tumboni.

Haji Makame nilimkuta Mtwara. Mtu wa Tumbatu aliyechoka na bahari, jambo ambalo kwao ni kama kusema umechoka na kula. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, mrefu, mikono mikubwa, na hodari wa kusalimia. Haji hakuweza kumpita mtu njiani bila ya kumuuliza hali yake, na watoto, na wazee, na kile kikohozi cha juzi. Tukitoka kwenda kazini pamoja, mimi nafika, yeye bado yuko kona ya pili anauliza habari.

Mama yake, Bi Mize, alikuwa akitupigia simu kutoka Tumbatu kila Ijumaa. Akishamaliza na mwanawe hutaka kusema na mimi.

"Mbarouk, mwanangu, Idd mnakula wapi?"

"Nyumbani, Bi Mize. Inshallah."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Haya. Mimi nshamnunua mbuzi."

Haji naye alishamnunulia mama yake kitambaa, kapulana kama wanavyokiita kule, cha rangi ya bizari na maua meusi. Alikiweka chini ya mto wake akakilalia.

Kireno kilianza kwa sababu ya habari za vijijini. Watu wa msituni walikuwa wakichoma nyumba ndani huko. Mwanzoni zilikuwa habari za mbali, kisha wakaanza kuingia watu mjini na magodoro kichwani. Bi Muanassa, mwenye nyumba wetu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Siku moja alituita barazani akatukalisha kama wanafunzi.

"Sikilizeni, wanangu. Hao wa msituni wengine wanasema Kiswahili, tena Kiswahili cha mbali. Na hawa wenye vizuizi barabarani wametoka bara, pwani hawaijui. Wakisikia Kiswahili cha mgeni wanaona adui. Nyinyi mtajifunza maswali."

"Maswali tu?" nikauliza.

"Maswali tu. Mtu anayeuliza bei ya nyanya haogopwi. Anayejieleza ndiye anayetazamwa."

Basi tukaanza. Quanto custa, bei gani. Onde fica o mercado, soko liko wapi. Tem água, kuna maji. Posso passar, naweza kupita. Alitufundisha akichambua mboga, akifua, akisuka nywele za jirani. Haji alikuwa mzito wa ulimi lakini mwepesi wa mzaha. Siku Bi Muanassa alipogonga meza akasema mesa, akaonyesha kasha la nguo akasema caixa, akaonyesha bendera ya shule akasema bandeira, Haji alisimama.

"Hawa watu wametuibia! Meza yetu, kasha letu, bendera yetu. Walipoondoka Unguja hawakupekuliwa?"

"Walikuja navyo wao, Haji," nikamwambia.

"Thubutu! Bibi yangu alikuwa na kasha kabla hajamwona Mreno."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Muanassa hakulifanyia mzaha. Haji akiitwa aliitika "Naam!" Kwa sauti kubwa, papo hapo, na mwili mzima umeshageuka. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mtoto wa Unguja akiitwa akaitika "ee" au "nini" huambiwa arudi aitike upya, na akirudia anaweza kula kofi.

"Usiitike hivyo hapa," Bi Muanassa alimwambia. "Sisi pia tulikuwa tunaitika hivyo. Tumeacha."

"Mmeacha kwa nini?"

"Kwa wale wa vizuizini hicho ni Kiarabu, na Kiarabu ni cha watu wa msituni. Sema sim. Sema senhora. Au geuka tu, usiseme kitu."

"Nigeuke bila ya kuitika? Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

Tulimfanyia mazoezi. Bi Muanassa alikuwa ndani, anamwita ghafla, "Haji!", na Haji yuko uani anajibu "Naam!", kisha anajipiga paji la uso, anacheka. Mimi nilijirekebisha upesi. Nimepita miji mingi na nimezoea kuacha vitu. Haji hakuwa mtu wa kuacha kitu.

Siku yenyewe tulikuwa kwenye chumba cha barafu cha tajiri mmoja wa samaki, karibu na ufukwe. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Nilisikia milio mifupi mifupi ya kugonga nikadhani ni kompresa. Kompresa ikiwa inataka kufa hugonga hivyo. Nikaizima.

Milio iliendelea.

Haji alikuwa mlangoni. "Mbarouk," akasema. "Watu wanakimbia."

Nje kulikuwa na moshi upande wa soko. Mtu alipita anasukuma baiskeli iliyofungwa cherehani. Mwanamke alipita na sufuria ya wali ambayo bado ilikuwa inatoa mvuke.

Mlinzi wa lile ghala alikuwa amelala getini. Funguo zilikuwa mkononi mwake. Tulimruka.

Tulikwenda nyumbani kwanza. Bi Muanassa alikuwa ameshafunga mlango kwa kufuli, amesimama nje na mkoba wake wa shule begani. Haji aliomba aingie mara moja tu. Alitoka na kile kitambaa kwapani.

"Hicho ndicho ulichokirudia?" nikamwambia.

"Hiki ndicho."

Tukaingia mikokoni.

Maji yalikuwa yanajaa. Tulisimama katikati ya mizizi na watu wengine wengi, maji kiunoni, kisha kifuani. Mama walizibia watoto midomo kwa viganja.

Ndipo tuliposikia sauti nchi kavu.

"Tokeni! Tokeni ndugu zetu, msiogope! Sisi hatuna ugomvi na nyinyi!"

Kilikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kimwani, kilikuwa Kiswahili chetu, kilichonyooka, cha mtu aliyekwenda chuoni. Angeweza kuwa muuza viatu wa Mwanakwerekwe anaita wateja.

Haji alinishika mkono. Nilihisi kucha zake. Tangu nimetoka nyumbani kwetu, popote nilipokuwa, nikisikia Kiswahili kama kile nilikuwa naifuata sauti. Siku ile nilizamisha masikio majini nisiisikie.

Wawili katika sisi walitoka. Mzee mmoja na mkewe. Walikuwa wakiulizana wenyewe kwa wenyewe kama hizo si sauti za watu wema.

Sitasema tulichokisikia baada ya hapo.

Maji yalipotoka tukatoka nayo, upande wa pili, kufuata njia za mashambani kwenda kusini. Tulikuwa kundi kubwa mwanzoni, kisha likapungua, wengine wakenda kwa jamaa zao, wengine wakachoka. Tulikula mihogo mibichi. Bi Muanassa alitembea mbele yetu na mkoba wake begani, na bila ya kugeuka alikuwa akituuliza.

"Naweza kupita?"

"Posso passar," tunasema.

"Kuna maji?"

"Tem água."

"Haji. Haji!"

Haji akawa kimya. Kisha, kwa upole kabisa, "Sim, senhora."

"Ahsante, mwanangu."

Nilimwona anatabasamu. Alikuwa ameweza.

Tulifika kizuizini asubuhi, kwenye barabara ya lami. Kulikuwa na magunia ya mchanga, gogo lililolazwa kati ya madebe mawili, na watu wenye bunduki. Sikujua walikuwa wa nani. Mmoja alikuwa na sare kamili, mwengine shati la sare na kaptura ya mpira, mwengine kandambili. Kulikuwa na makundi mengi yenye bunduki upande ule, na kila moja lilisema linalinda watu. Foleni ilikuwa ndefu. Wanaume walikuwa wakivuliwa mashati kutazamwa mabega, kama yana alama ya mkanda wa bunduki.

Bi Muanassa alipita kwanza, akasema nao maneno mengi ya haraka, akatuonyesha sisi kwa kidole kama anaonyesha mizigo. Nikapita mimi. Nilivua shati. Nikaona jerikeni karibu ya yule mwenye kaptura, nikamuuliza kama kuna maji. Sijui nilipata wapi roho ile. Alinitazama, akacheka, pengine kwa namna nilivyolisema, akanimiminia kwenye kiganja.

Kisha Haji.

Alivua shati. Mabega yake yalikuwa na alama moja tu, ya kovu la kamba ya tanga, lakini lilikuwa la zamani na lilikaa vibaya kuwa la bunduki. Wakaligusa. Wakaulizana. Haji akasema, polepole, sauti yake ikitoka puani kama alivyofundishwa:

"Posso passar?"

Yule mwenye sare akampungia mkono apite.

Alipita. Nataka lieleweke hilo. Haji alipita. Alikuwa anavaa shati huku anatembea, anakuja kwetu, na alishaanza kunikonyeza.

Kile kitambaa kilimponyoka kwapani.

Hakujua. Alikiona kijana mmoja mwenye bunduki, pengine ndiye mdogo wao wote. Aliinama akakiokota, akakikung'uta vumbi. Akaita, kwa wema, kama unavyomwita mtu aliyesahau chenji yake dukani.

"Ei, senhor!"

"Naam!"

Alikuwa ameshageuka, mwili mzima, uso umefunguka, tayari kuambiwa.

Sikumbuki sauti yoyote baada ya hiyo. Nakumbuka yule mwenye kandambili, ambaye alikuwa amekaa juu ya gunia muda wote bila ya kututazama, alisimama.

Alimwashiria arudi. Haji alirudi. Aliulizwa kitu. Haji alinitazama mimi, kisha Bi Muanassa, kwa sababu lilikuwa swali, na sisi tulikuwa hatujafundishwa majibu.

Nilirudi kizuizini. Niliuliza kila nilichokijua. Onde está o meu irmão, yuko wapi ndugu yangu, ingawa alikuwa amesimama mbele yangu. Posso esperar aqui, naweza kusubiri hapa. Niliuliza mpaka saa ngapi. Yule mwenye sare alinijibu, tena alinijibu kwa kirefu, wala hakuwa mkali, na mimi sikulipata hata neno moja.

"Anasema nini?" nikamuuliza Bi Muanassa kwa kunong'ona.

"Anasema ataulizwa tu, kisha ataachiwa. Anasema tunazuia njia." Alikuwa amenishika shati kwa nyuma. "Twende, Mbarouk. Twende tukasubiri mbele. Usiwaonyeshe kuwa unalia."

Walimpandisha kwenye gari ya wazi. Hakupigwa, mbele yangu hakupigwa. Alikaa kwenye ubao na mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kinyozi. Aliinua kidole kimoja kunionyesha yale magunia. Kitambaa cha mama yake kilikuwa pale, kimekunjwa vizuri. Yule kijana alikuwa amekikunja.

Nilisubiri chini ya mkorosho mbele ya barabara mpaka magharibi, na asubuhi nikarudi kizuizini. Magunia yalikuwepo. Gogo lilikuwepo. Watu hawakuwepo, wala kitambaa.

Kilichofuata kilikuwa kuuliza. Tulifika Pemba, na hapa Unguja nikimwambia mtu nilikimbilia Pemba hudhani nimekwenda Wete kwa mjomba, kumbe nao wana mji wao wa Pemba, mkubwa, wenye ghuba, uliokuwa umejaa wakimbizi mpaka kwenye viwanja vya mpira. Nilikwenda kambi za askari, vituo vya polisi, hospitali. Mlangoni nilijifunza kusema dá licença, ndiyo hodi yao. Kisha yuko wapi ndugu yangu. Nani mkubwa hapa. Mnafungua saa ngapi. Nije kesho? Jioni nilikwenda kwenye turubali la Bi Muanassa, ambaye alikuwa ameshakusanya watoto anawafundisha kusoma, nikamwambia maneno niliyojibiwa kama nilivyoyashika, vipande vipande, naye akanitafsiria. Hakuna aliyemjua. Kikosi kile si chetu. Andika jina. Umeshaandika jina. Rudi Jumatatu. Mara nyengine alinikatiza katikati kunisahihisha matamshi, kisha akajizuia, akaniomba radhi.

Bi Mize alipiga simu Ijumaa. Nilimwambia Haji hayupo karibu. Ijumaa ya pili aliniambia, "Mbarouk, nitajie ukweli, mbuzi huyu anakula majani ya bure." Nikamwambia.

Idd ilinikuta Mtwara, natafuta njia ya kurudi.

Miaka imepita. Ninaishi hapa mjini, kama kukaa vyumba vitatu kwa mwaka mmoja ni kuishi. Nimekaa Mtoni, nikahama. Nikakaa Mwanakwerekwe nyuma ya soko, nikahama. Sasa nimerudi Mpendae kwa mama. Kazi haikosekani, hoteli za Mji Mkongwe zina mafriji mengi na hewa ya chumvi haiyapi nafasi. Nikimaliza Shangani, badala ya kurudi nyumbani hupita ndani kwa ndani, Kiponda, Malindi, narudi tena Hurumzi, bila ya shughuli. Katika wageni wanaopiga picha milango husikia mara moja moja lugha ile, iliyotoka puani. Huwasogelea. Nina saa mkononi, lakini huwauliza.

"Que horas são?"

Hunijibu, wanatabasamu, wanadhani nataka kuwauzia viungo. Siku hizi jibu nalielewa. Wakati ule ningelipata neno moja tu la yule mwenye sare, pengine ningejua alipopelekwa. Au nisingejua. Nimelipima jambo hili kwa kila upande na uzito wake haubadiliki.

Nyumbani mama ananilalamikia. "Nakwita huitiki. Mtu mzima wewe, unakuja tu kama kivuli." Ni kweli. Tangu nirudi, nikiitwa naacha nilichoshika, naja. Neno lenyewe halitoki.

Mwezi uliopita nilikwenda Tumbatu. Kaka zake Haji waliniita. Wanataka kumsomea ndugu yao khitma. Wanasema maiti asiyesomewa yuko njia panda, na wao pia. Bi Mize amekataa miaka yote hii. Walidhani mimi nitamweleza akanisikia, maana niliona.

Nilimkuta anasuka ukili kibarazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea jamvi. Alikuwa ameshajua nimetumwa nini.

"Wanangu wanataka nimzike," akasema. "Haya. Miye sikatai. Lakini kabla ya hapo nataka kujua kitu. Siku ile, alifanya nini mwanangu?"

Swali hilo alishawahi kuniuliza, na nilikuwa nikimjibu kuwa hakufanya kitu, ambayo ni kweli. Safari hii alisimamisha mikono.

"Aliitwa, Bi Mize. Akaitika."

"Aliitikaje?"

"Naam."

Kuku alipita kati yetu. Nilitazama ukili mapajani mwake, nikangoja mwenyewe alie au ukili uanguke, sijui nilingoja nini.

"Basi angeitikaje?" akasema mwishowe. "Mtu kakwita, kakuokotea kitu chako. Unyamaze?"

"Hapana."

"Hapana." Akaanza kusuka tena. "Basi sikumlea vibaya."

Kisha akaniambia analolitaka. Mjukuu wake anafanya kazi hotelini Nungwi, na amemwambia wanakuja wageni wenye lugha ile, na pia wapo watu wa Msumbiji waliohamia kule kwa kazi za ujenzi. Yeye atakwenda. Atawauliza mwenyewe. Akishauliza kwa kinywa chake, kwa lugha ya waliomchukua, akakosa jibu, khitma isomwe, na ubani atanunua yeye.

"Umeuliza wewe miaka yote," akasema. "Wewe si mama yake. Nifundishe."

Nilitaka kumwambia kuwa wageni wa Nungwi hawajui kitu, na wajenzi wale nao wamekimbia kama tulivyokimbia sisi. Sikumwambia. Nadhani anajua. Nilibadilisha neno moja katika swali langu la zamani, nikaondoa ndugu nikaweka mwana, nikamtamkia.

"Onde está o meu filho?"

Hakunicheka, wala hakuuliza jibu lake huwa nini. Herufi hizi za Kizungu hazijui, amesoma chuo cha Kurani tu, na alilishika swali kama alivyoshika juzuu zake, kwa kulirudia, mwili ukiyumba kidogo mbele na nyuma. Onde shta u meu filyu. Mikono haikuacha kusuka. Matamshi yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Bi Muanassa, ambaye bado hunitumia sauti yake kwa simu kila Idd na bado huanza kwa kuuliza kuna habari gani ya Haji, angefurahi kumsikia.

Boti ya Mkokotoni ilikuwa imekaribia kuondoka. Niliaga. Nilikuwa nimeshapita ukuta wa mawe wa jirani, nimeshafika kwenye njia ya kushukia pwani, naharakisha, miguu imeshaanza kunitangulia kama kawaida yake.

"Mbarouk!"

"Naam!"

Nilikuwa nimeshageuka.

Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, ukili mkononi, kiganja kimekinga jua. "Lile neno la katikati," akaita. "Nshalisahau."

Nikarudi mpaka karibu yake nikamwambia. Akalirudia, akalirudia tena, kisha akaniambia niende, boti isije ikaniacha.